Mshazari

Tangi lilitoka kwenye hoteli ya Milimani iliyofunga milango:
urefu sentimita mia moja na hamsini, kimo sitini, upana hamsini.
Ogweno alilinunua kabla hajajiuliza litapita wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Tepu hulala shingoni mwangu
hata Jumapili. Nikashuka ngazi zetu za Migosi nikipima:
geti, sawa. Mlango, sawa.
Kona ya ghorofa ya pili, mia moja arobaini na mbili.
Nikapima tena, taratibu, kama kwa mteja aliyenenepa
na hataki kuambiwa.
Mia moja arobaini na mbili.

"Ziwa liko pale," nikamwonyesha dirishani, ng'ambo ya mabati.
"La bure. Halijawahi kukwama ngazini."
Akacheka, akaendelea kufyonza maji kwa mpira.

Yalitoka yote. "Hata kikombe kimoja kikibaki,"
alisema Mideva, fundi wa vioo,
"kitakimbilia upande mmoja na kukuangusha."
Mchanga tukauchota kwa upawa wangu wa ugali,
mawe tukayatia guniani,
na fulu kumi wakaingia ndoo mbili, ndani ya maji yao ya zamani,
vifuniko tumevitoboa kwa msumari.

Nilipitisha kidole gumba kwenye gundi za pembeni
kama ninavyokagua pindo la fundi mwingine.
Mshono mzuri. Ila kitambaa nikikosea nafumua.
Hiki, nikikosea, nafagia.

Tukalivika mablanketi mawili na shuka la harusi yetu
(shuka nililigundua baadaye).
Watu wanne, viganja chini ya kitako,
asiguse mtu ukingo wa juu.
Sakwa wa getini alikuja na ndara; akaziacha chini,
akapanda pekupeku.
Moja, mbili, pumua. Moja, mbili, pumua.

Kwenye kona, wakasimama.
Ogweno akautazama ukuta kana kwamba utaona haya na kusogea.
Mikono ikaanza kutetemeka, na mlango ukafunguka,
Bi Nyaboke wa ghorofa ya pili, kitambaa kichwani:
"Likijaa, litakuwa na uzito gani?"
"Kilo mia nne na hamsini, mama. Bila mawe."
Mume wangu akichoka hawezi kudanganya.
"Na kitanda changu kiko chini yake?"
Hakuna aliyejibu. Mideva, shavu limebanwa kwenye blanketi,
akasema tutaliegemeza ukutani, juu ya boriti,
si katikati ya chumba.

Hapo nikaiona sketi.
Ile ya kuyumbayumba, inayokatwa mshazari,
kitambaa kikilazwa pembe kwa pembe.
"Mbele inueni," nikasema. "Zaidi. Nyuma iteremke.
Kichwa kipite juu ya reli."
Walinitazama. Nikavua tepu shingoni, nikawachorea hewani.

Lilipita.
Nafasi iliyobaki haikutosha pini.

Juu, nikaweka gololi ya mtoto sakafuni;
ikajiendea jikoni. Tukachonga kabari, tukaitia chini ya meza,
gololi ikatulia. Kisha godoro jembamba, kisha tangi.
Maji tutaongeza nusu leo, nusu kesho,
katikati yake kusikiliza.

Ogweno alikuwa ameshavua shati nilipouliza:
"Ndoo ya pili iko wapi?"

Nikashuka mbio. Ilikuwa kwenye kona, kifuniko pembeni,
na Kwamboka wa Bi Nyaboke amechuchumaa,
pua inakaribia maji, anahesabu kwa sauti.
Sisi tulitia watano.
Alikuwa amefika ishirini na tatu.
"Usiniguse," alisema, bila kuinua kichwa.
"Huyu mkubwa bado anawatema."